Maafikiano Baina ya Programu za Lugha Mbalimbali: Mfano wa Malipo ya Simu Kutoka Mkomani, Mombasa

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi programu za kompyuta zilizotungwa kwa lugha tofauti, na zinazoendeshwa juu ya majukwaa tofauti, zinavyoweza kupelekeana ujumbe katika mtandao na kuelewana. Huenda msomaji wa jarida la lugha akauliza jambo hili linamhusu nini. Jawabu fupi ni kwamba mafundi wa kompyuta wamekuwa wakishughulika, kwa muda wa miaka mingi sasa, na mambo ambayo sisi tuliosomea lugha twayajua kwa majina yetu: usanifishaji, tahajia, na hitilafu baina ya umbo la neno na maana yake. Jawabu refu limo katika kisa kilichomfika mwandishi huko Mkomani, nacho ndicho kilichomfanya ashike kalamu.

Mkomani tunayoizungumzia si ule mtaa wa Lamu wenye jina hilo hilo, bali ni sehemu ya bara ya Mombasa, upande wa kaskazini, ng'ambo ya daraja la Nyali, jirani na Kongowea. Huko kuna chama cha kufaana cha akina mama. Wanachama hutoa mchango kila mwezi, na anayefiwa hupewa fungu la kumsaidia gharama za mazishi. Michango yote hulipwa kwa simu. Mwanachama mmoja alifiwa na mumewe, na orodha ilipotazamwa ikaonyesha kwamba hakuwa amelipa chochote kwa muda wa miezi mitano. Mwenyewe alikuwa na thibitisho zote katika simu ya mwanawe, kwa kuwa mwanawe ndiye aliyekuwa akimlipia. Mweka hazina wa chama, mama wa makamo aliyewahi kufanya kazi ya karani, aliniita nikatazame. "Mwanangu," aliniambia, "pesa zimefika, maana jumla ya benki ni sawa. Basi zimeingia kwa nani?"

Swali hilo lilikuwa zuri kuliko mengi niliyopata kuulizwa darasani. Pesa zilikuwa zimefika kweli, lakini hazikuwa zimeingia kwa mtu yeyote. Jina la mwanachama silitaji. Tuseme jina lake la ukoo lilikuwa Mwang'ombe, ambalo ni jina la kawaida katika pwani yetu. Msomaji aliangalie vizuri jina hilo jinsi lilivyoandikwa, maana tutalirudia.

Kwa nini programu hazielewani zenyewe

Programu ya kompyuta (au ya tarakilishi, au ya ngamizi, kwa wale ambao bado wanashindana juu ya neno hilo) hutungwa katika lugha maalumu. Zilizo mashuhuri hivi leo ni kama Java, PHP, Python na C#. Kila lugha ina namna yake ya kuyahifadhi mambo ndani ya kumbukumbu ya mashine. Katika Java, nambari nzima ya kawaida hupewa nafasi ya biti 32, na haiwezi kupita 2,147,483,647. Katika Python nambari nzima hukua kadiri inavyotakiwa. Katika PHP maandishi si chochote ila safu ya baiti, na lugha yenyewe haijishughulishi kujua kama baiti hizo ni herufi za Kirumi, za Kiarabu au za Kichina. Java, kinyume chake, huyahesabu maandishi kwa vipande vya biti 16. Kwa hiyo programu moja haiwezi kuitolea nyingine kilichomo kichwani mwake na kuiambia, "Haya, tumia." Kitakachotolewa hakitakuwa na maana kwa mpokeaji, kama vile mtu asivyoweza kumpa mwenziwe wazo bila ya kulitia katika sauti au katika maandishi.

Jaribio la kwanza la mafundi lilikuwa kuficha tofauti hiyo. Katika miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990 kulitungwa mifumo iliyomwezesha mtungaji aiite kazi iliyo katika mashine ya mbali kana kwamba imo katika mashine yake mwenyewe. Mmojawapo ni ule ulioitwa CORBA, uliotolewa mwaka 1991. Ulifanya kazi, lakini ulikuwa mzito, na pande mbili zilizonunua vifaa vyake kwa wauzaji wawili mara nyingi ziligombana.

Jaribio la pili lilikuwa la busara zaidi. Badala ya kujifanya kwamba mashine mbili ni moja, watu walikubali kwamba ni mbili, kwamba kati yao kuna ujumbe, na kwamba kinachopasa kusanifishwa ni ujumbe huo tu. Mwaka 1998 shirika la W3C lilitoa kanuni za XML, yaani namna ya kuandika habari yoyote kwa maandishi ya kawaida yaliyotiwa alama za kuonyesha kila kipande ni nini. Juu ya XML pakajengwa SOAP, ambayo ilipelekwa mbele ya W3C mwaka 2000 na toleo lake la pili likaidhinishwa mwaka 2003. SOAP ilieleza bahasha ya ujumbe: kichwa hapa, mwili hapa, na kosa likitokea liripotiwe hivi. Ikafuata WSDL mwaka 2001, ambayo ni mfano wa mkataba: huduma hutangaza ni maombi gani inayoyapokea na majibu yake yatakuwa ya sura gani. Ujumbe wenyewe ulisafirishwa kwa HTTP, itifaki ile ile inayoleta kurasa za wavuti. Hizo ndizo zilizoitwa huduma za wavuti.

Kwa nadharia, mambo yalikuwa yamekwisha. Kwa hakika yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza, na hapa ndipo somo linapomkaribia mwanaisimu.

Kusanifisha ni kukataza

Pande mbili ziliweza kuifuata SOAP kwa uaminifu wote na bado zisielewane. Sababu ni kwamba kanuni zilikuwa zimeruhusu njia nyingi za kusema jambo moja. Palikuwa na njia zaidi ya moja ya kuupanga mwili wa ujumbe. Orodha isiyo na kitu iliweza kuandikwa kama orodha tupu, au kama orodha iliyotiwa alama ya kuwa haipo, au isiandikwe kabisa. Na kila jukwaa lilifahamu kivyake. Tarehe katika Java iliweza kuachwa bila thamani; katika jukwaa la .NET la miaka ile ya mwanzo tarehe haikuweza kuwa tupu, na ujumbe uliokuja na tarehe tupu uliiangusha programu iliyoupokea. Hapakuwa na aliyekosea. Kila upande ulikuwa na kitabu cha kanuni mkononi.

Mwaka 2002 makampuni makubwa yaliunda jumuiya iliyoitwa WS-I, ambayo kazi yake ilikuwa kuleta maafikiano hayo. Waraka wake mkuu, uliotolewa mwaka 2004, ni wa ajabu kwa kuwa takriban haukuongeza jambo jipya. Ulichofanya ni kukataza. Penye njia tatu ulichagua moja na kuzifunga mbili, na njia fulani ya kuzisimba data, ambayo kanuni ya SOAP yenyewe ilikuwa imeieleza kwa urefu, ikapigwa marufuku.

Msomaji wa Mombasa hapana budi atakumbuka mkutano mwingine. Mwaka 1928, katika mji huu huu, wajumbe wa nchi zilizotawaliwa na Waingereza katika Afrika Mashariki walikubaliana kwamba lahaja ya Kiunguja ndiyo iwe msingi wa Kiswahili Sanifu. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kulisimamia jambo hilo, ambayo ndiyo chimbuko la taasisi ya Kiswahili iliyoko katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kimvita, lahaja ya mji uliowakaribisha wajumbe, yenye fasihi ya miaka mingi, ikawekwa kando. Aliyesema *ndia* alifundishwa kuandika *njia*, na aliyesema *kitwa* akafundishwa *kichwa*. Faida ilikuwa wazi: kitabu kimoja kikasomwa Tanga, Nairobi na Kampala. Hasara nayo ilikuwa wazi kwa walioipata.

Nimesikia mafundi wakisema kwamba mfano huo haufai, kwa sababu mashine haina lahaja ya mama wala haioni haya. Ni kweli, mashine haioni haya. Lakini ndani ya ujumbe mna majina ya watu, saa za watu na fedha za watu, na kila linalofungwa katika mkataba hufungwa pia kwao.

Hebu tutazame jambo moja la sauti. Kimvita hutofautisha *t* ya menoni na *t* ya ufizini. Maandishi ya Kirumi tuliyorithi hutumia herufi moja kwa zote mbili. Anayejua lugha husoma sawasawa, kwa kuwa muktadha humwongoza. Asiyejua hawezi kuirudisha tofauti iliyokwisha kupotea. Hali kama hiyo imo katika JSON, namna nyepesi ya kuandika ujumbe iliyoanza kuenea katika miaka ya 2000 na ambayo leo imeichukua nafasi kubwa ya XML. JSON ina aina moja tu ya nambari. Java ina aina kadhaa, za nafasi ndogo na kubwa, zenye desimali na zisizokuwa nazo. Nambari ikitoka Java na kupita katika JSON, tofauti hiyo haiandikwi, na mpokeaji hubahatisha. Katika JavaScript nambari nzima huwa na hakika mpaka kiasi cha 9,007,199,254,740,992; ikizidi hapo, tarakimu za mwisho huweza kubadilika bila ya onyo lolote.

Daraja

Huduma ya M-PESA ilianza Kenya mwezi wa Machi 2007. Kwa miaka mingi ya mwanzo hapakuwa na mlango wa kawaida ambao programu ya mfanyabiashara mdogo ingeweza kuupitia ili kujua kama mteja amelipa. Watungaji wengi wakabuni njia ya mkato: simu iliwekwa mezani, ikapokea ujumbe mfupi wa kuthibitisha malipo, na programu ikausoma ujumbe huo kama mtu anavyousoma, ikitafuta maneno fulani na kuchukua nambari iliyofuata. Njia hii ilikuwa dhaifu kupita kiasi. Kampuni ikiongeza nukta mahali, programu huanguka. Mwenye simu akichagua kupata ujumbe wake kwa Kiswahili, programu iliyofundishwa kulitafuta neno la Kiingereza huwa haioni kitu, hata pesa zikiwa zimekuja. Kwa maoni yangu huo ni mfano bora kabisa wa kueleza kwa nini mashine zisisomeane maandishi yaliyoandikiwa watu.

Mwaka 2015 mitambo ya M-PESA iliyokuwa Ujerumani ilihamishiwa Kenya, na mfumo mpya ukaja na kiolesura cha programu kilichotumia SOAP. Ulikuwa mlango wa kweli, ingawa mzito kwa mtu mwenye duka moja. Mwaka 2017 Safaricom ikafungua kiolesura kingine, chenye kutumia HTTP na JSON, ikakiita Daraja. Jina limechaguliwa vizuri. Wakazi wa Mkomani wajua daraja ni nini: kwa miaka mingi walivuka kwenda kisiwani kwa daraja lililoelea juu ya maji, mpaka hili la saruji lilipofunguliwa mwaka 1980, na hakuna aliyeulizwa gari lake liliundwa Japani au Uingereza maadamu lilitosha katika njia.

Daraja ya Safaricom hufanya kazi hivi. Programu ya mfanyabiashara, iwe imetungwa kwa PHP au kwa Java, hujitambulisha kwanza na kupewa hati ya muda, ambayo huisha nguvu baada ya muda wa saa moja hivi. Kisha hupeleka ombi: nambari ya biashara, kiasi, nambari ya simu ya mlipaji, na anwani ambayo jibu lirudishwe. Mlipaji huona swali katika simu yake, akatia nambari yake ya siri. Baada ya hapo seva za Safaricom huipigia hodi ile anwani na kuleta matokeo. Matokeo huja na tarakimu ya hali: 0 ikiwa malipo yamefaulu, na nyingine kwa kila namna ya kutofaulu, kama 1032 mlipaji akikataa. Pamoja na tarakimu huja sentensi ya Kiingereza. Programu nzuri huifuata tarakimu na kuiacha sentensi. Na kwa kuwa tarakimu haina lugha, mtungaji yu huru kumwonyesha mteja wake maelezo kwa Kiswahili.

Jambo moja linalosahauliwa na wanaoanza ni kwamba ujumbe huweza kuja mara mbili, au usije. Mtandao hukatika baada ya ombi kufika na kabla ya jibu kurudi. Aliyeomba hajui kama ameeleweka. Akirudia, huenda akamtoza mteja mara mbili. Asiporudia, huenda mali ikatoka bila malipo. Dawa yake ni kila tendo liwe na kitambulisho chake, kama nambari ya risiti, na mpokeaji akiiona nambari aliyokwisha kuiandika ajibu "nimepata" bila ya kuandika tena. Karani mwenye daftari la risiti hakuhitaji kufundishwa jambo hili.

Nambari zisizo nambari, na saa

Katika maelezo ya miaka ya kwanza ya Daraja palikuwa na jambo la kuchekesha kidogo. Katika jibu la namna moja ya malipo, nambari ya simu na wakati wa malipo vililetwa kama nambari; katika taarifa ya namna nyingine, wakati na kiasi cha fedha vililetwa kama maandishi. Mtungaji wa Python aliweza kupita bila kuona. Mtungaji wa Java aliyeitengea simu nafasi ya biti 32 aliona programu yake ikikataa kila mteja, kwa kuwa nambari ya simu ya Kenya inayoanza na 254 ina tarakimu 12 na hupita kwa mbali kikomo tulichokitaja hapo juu.

Kosa la asili ni la semantiki. Nambari ya simu si nambari. Hakuna anayezijumlisha simu mbili. Ni jina lililoandikwa kwa tarakimu, na ikitunzwa kama nambari, sifuri ya mwanzo ya 07 hupotea, kwa kuwa katika hesabu sifuri ya mbele haina thamani. Sisi tumezoea kumwambia mwanafunzi kwamba umbo la neno halimwambii daima neno hilo ni la aina gani. Mwanafunzi wa kompyuta naye yafaa aambiwe hivyo.

Wakati una shida kubwa zaidi. Daraja huandika wakati kwa tarakimu 14 mfululizo: mwaka, mwezi, siku, saa, dakika, sekunde. Haisemi ni saa ya wapi. Inafahamika kuwa ni saa ya Afrika Mashariki, lakini "inafahamika" ni neno la watu. Seva iliyokodiwa Ulaya au Marekani aghalabu huhesabu kwa wakati wa ulimwengu, ambao uko nyuma yetu kwa saa tatu. Tuseme mchango umelipwa tarehe 1 Juni, saa saba u nusu za usiku, yaani 1:30. Kwa wakati wa ulimwengu hiyo ni tarehe 31 Mei, 22:30. Programu mbili zisizoafikiana juu ya jambo hili zitauandika mchango mmoja katika miezi miwili, na mwenye chama ataonekana amelipa Mei mara mbili na Juni hakulipa.

Na hapo hatujaitaja saa ya Kiswahili yenyewe, ambayo huanza kuhesabu machweo na mawio, wala desturi ya wazee wa pwani ya kuuhesabu usiku pamoja na siku inayofuata, hata "usiku wa Ijumaa" ukawa ule ambao kalenda ya ofisini huuita usiku wa Alhamisi. Katika daftari la chama cha Mkomani nilikuta malipo ya taslimu yameandikwa kwa saa hiyo: "saa mbili usiku." Kijana aliyeyaingiza katika kompyuta aliandika 02:00. Sikumlaumu, hapakuwa na mahali palipomwambia vinginevyo. Kanuni ya kimataifa ya kuandika tarehe na saa ipo, nayo inaruhusu kuandika +03:00 mwishoni ili kuonyesha ni saa ya wapi. Kinachotakiwa ni itumike katika kila ujumbe, na saa ya Kiswahili iachwe kwenye kioo cha msomaji, ambapo ndipo mahali pake na ambapo inastahili kuonyeshwa bila haya.

Ritifaa

Tumrudie mama Mwang'ombe. Chama kilikuwa kikitumia mifumo mitatu. Orodha ya wanachama iliandikwa na katibu katika programu ya kuandikia barua, kisha ikahamishwa. Taarifa za malipo zilipokelewa na programu ya PHP. Na mafao yalihesabiwa na mfumo wa tatu, wa Java, ulionunuliwa kwa mtu mwingine. Mlipaji alipotumia simu yake mwenyewe, malipo yalitambuliwa kwa nambari ya simu. Alipotumia simu ya mwingine, yalitambuliwa kwa jina aliloliandika mahali pa akaunti. Hapo ndipo palipokuwa na kisa.

Mwana aliandika jina la mamake kwa simu, akitumia ritifaa iliyonyooka, ile ambayo katika Unicode ina nambari U+0027. Katibu aliandika jina lile lile, lakini programu ya barua ilimgeuzia ritifaa ikawa iliyopinda, U+2019, kwa kuwa ilidhani anafunga nukuu. Na mfumo wa tatu ulikuwa umeifuta ritifaa kabisa. Sababu yake ni ya kiufundi: katika lugha ya kuulizia hifadhidata, ritifaa iliyonyooka ndiyo inayofungua na kufunga maandishi, na ikitokea katikati ya jina huikata amri vipande viwili. Fundi hodari hupitisha jina kando ya amri, wala haligusi. Fundi mvivu hufuta ritifaa. Basi kulikuwa na wanawake watatu katika kompyuta: Mwang'ombe mwenye ritifaa ya kunyooka, aliyelipa; Mwang’ombe mwenye ritifaa iliyopinda, aliyekuwa mwanachama; na Mwangombe, aliyestahili mafao kama angekuwa amelipa.

Katika ripoti moja alikuwapo na wa nne, aliyeandikwa Mwangâ€™ombe. Hilo nalo lina maelezo. Ritifaa iliyopinda, ikiandikwa kwa UTF-8, huwa baiti tatu. Programu inayodhani kwamba maandishi yameandikwa kwa utaratibu wa zamani wa Windows huisoma kila baiti kama herufi kamili, na alama moja ikazaa tatu. Tangu mwaka 2017 kanuni ya JSON inaagiza UTF-8 kwa ujumbe wote unaopita baina ya mifumo isiyo ya nyumba moja, lakini amri hiyo haizifikii orodha za zamani zilizokwisha kuhifadhiwa.

Mtu anaweza kusema kwamba ritifaa ni alama ndogo, ifutwe kila mahali. Jibu letu ni la kifonolojia. Katika Kiswahili *ng'* na *ng* ni sauti mbili: *ng'oa* ni kitenzi, *ngoa* ni wivu. Ritifaa ya *ng'* si alama ya uakifishaji. Ni sehemu ya herufi. Anayeifuta hafuti pambo, anabadilisha sauti katika jina la mtu.

Lakini basi ni ritifaa ipi? Hapa ndipo kompyuta inapotusubiri sisi. Unicode inazo njia za kuunganisha maumbo yanayolingana ya herufi moja, ila hazigusi ritifaa hizi: U+0027 na U+2019 hubaki alama mbili hata baada ya kusawazishwa. Tena ipo ya tatu, U+02BC, ambayo imewekwa makusudi kwa lugha ambazo ritifaa yake ni herufi wala si alama ya nukuu. Kwa nadharia hiyo ndiyo yetu. Kwa vitendo haimo katika vibao vya kawaida vya kuandikia, na sijaona vitabu vyetu vya tahajia vikiizungumzia. Navyo huichapa ritifaa kwa umbo lolote ambalo mpiga chapa analo.

Uchaguzi una gharama pia. Ujumbe mfupi wa simu hubeba herufi 160 ukiandikwa kwa alfabeti ya kawaida ya GSM, ambayo ina ritifaa iliyonyooka. Ritifaa moja iliyopinda haimo katika alfabeti hiyo, nayo huulazimisha ujumbe wote uandikwe kwa utaratibu mwingine, na kikomo kikashuka hadi herufi 70. Chama kinachowapelekea wanachama mia tatu ujumbe wenye neno *ng'ombe* au *ng'ambo* hulipia mara mbili au mara tatu kwa sababu ya umbo la alama moja.

Kwa hiyo mimi naegemea U+0027, si kwa kuwa ni sahihi kinadharia, bali kwa kuwa imo katika kila simu, na mama anayeandika jina lake asihitaji kujua haya tuliyoyasema. Wenye kutunga mikataba ya huduma waandike wazi kwamba katika maandishi ya Kiswahili, baada ya *ng*, ritifaa zote zigeuzwe kuwa hiyo kabla ya kulinganishwa, na kwamba isifutwe kamwe. Wenzangu wanaoegemea U+02BC wana hoja nzuri, nami ningependa kuisoma katika kurasa hizi. Jambo hili haliwezi kuachiwa Geneva wala California. Huko hawana ng'ombe wa kuandika.

Pale Mkomani tulifanya lililowezekana kwa siku moja. Ritifaa ziligeuzwa katika orodha ya katibu na katika programu ya PHP, na kila mwanachama akapewa nambari ya uanachama ya kuandika mahali pa jina, jambo ambalo mweka hazina aliliona kuwa lilistahili kufanywa tangu mwanzo. Michango mitano ya mama ilipatikana, pamoja na mingine kumi na moja ya watu wengine wenye *ng'* katika majina yao, ambao hawakuwa bado wamefiwa na kwa hiyo hawakuwa na habari. Fungu lake lilitolewa keshoye, ingawa mazishi yalikuwa yamekwisha kufanyika kwa fedha za kukopa. Mfumo wa tatu haukurekebishwa, kwa sababu aliyeuza hakuacha matini ya programu yake. Humo yeye bado ni Mwangombe, na malipo yake hupitishwa kwa mkono na mweka hazina, ambaye ameandika jina lake kwa kalamu kwenye ukuta wa ofisi, ritifaa ikiwa ndefu kuliko herufi zote.